Nyuzi Mbili za Mwalimu Zadock

Kwa muda wote aliokuwa amepanga Kinoo, Phoebe Namalwa hakuwahi kumwambia mtu wa ploti yao kazi anayofanya. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba yuko Westlands, kwenye kampuni ya mambo ya kompyuta, na jibu hilo liliwatosha wengi. Asubuhi alitoka na raba miguuni na viatu vya ofisi mkobani. Jioni akarudi na sukuma wiki na nyanya kwenye karatasi ya nailoni. Mpangaji wa kawaida, Mbukusu wa Webuye mwenye kicheko cha chini, asiyegombana na mtu juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma. Kampuni yao ilikuwa na programu ya simu iliyoitwa Mtaani Kwetu, na humo kila mtaa ulikuwa na baraza lake. Watu wa Kinoo walikuwa na lao, wa Jamhuri lao, wa Uthiru lao. Ndani ya baraza mtu alianzisha mjadala, ambao ofisini waliuita uzi: uzi wa maji yaliyokatika, uzi wa mbwa aliyepotea, uzi wa kanisa lenye spika zisizozimwa. Phoebe alisimamia mabaraza ya upande wa magharibi. Alifuta matusi, akaonya wagomvi, na pale watu wawili walipoanzisha mjadala wa jambo lilelile, alizishona nyuzi zao zikawa uzi mmoja, kila ujumbe ukajipanga kwa saa uliyoandikwa. Kwenye simu za watu hakuwa na jina. Aliitwa Msimamizi tu.

Kwa hiyo aliwajua majirani zake kuliko walivyodhani. Alijua nani anaandika akiwa amelewa na nani anaandika akiwa analia. Alimjua hasa mwenye ploti aliyewapangisha vyumba, Virginia Waringa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wachira. Mama Wachira aliandika haraka, bila nukta, na hasira yake ilikuwa ya kweli kila mara.

"Namalwa, mami, kuna mtu huko kwa simu anaitwa Msimamizi," alimwambia Phoebe siku moja, wakichambua mboga kwenye ngazi. "Amefuta maneno yangu tena. Sijui hata kama ni Mkenya."

"Pengine maneno yalikuwa makali, mama."

"Yalikuwa ya kweli!"

Phoebe aliinama juu ya mboga asije akacheka.

Kulikuwa na sheria moja ofisini ambayo haikuwa na mzaha. Nyuzi za baraza moja ungeweza kuzishona utakavyo, lakini nyuzi za mabaraza mawili tofauti hazikuguswa bila ruhusa ya Gichuru, mwenye kampuni. Kulikuwa na sababu. Zamani kidogo, kabla Phoebe hajaajiriwa, mfanyakazi mmoja alishona uzi wa mtaa mmoja na wa mwingine akidhani anarahisisha mambo. Ndani yake mlikuwa na mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, akiwauliza majirani wapya shule nzuri ya kupeleka watoto. Mume alikuwa kwenye baraza la pili. Alisoma, akajua mtaa, akaja. Mwanamke yule alipona, lakini Gichuru alikwenda kumwona hospitalini, na tangu siku hiyo neno "kuunganisha" likitajwa kikaoni alikuwa akikunja uso.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano yenye manyunyu, watu wa ofisini wamevaa makoti ndani ya nyumba. Katika baraza la Jamhuri, uzi mmoja wa zamani uliamka. Uliitwa "Mwalimu akionekana," na mwenyewe alikuwa Janice Ochola, mfanyakazi wa benki aliyeishi na baba yake mzee. Baba huyo, Zadock Ochola, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kila alipotoroka, Janice aliandika kwenye uzi uleule, na majirani wakatoka kumtafuta.

"Ametoka tena," Janice aliandika asubuhi hiyo. "Dada wa kazi alienda kuanika, akasahau kufunga mlango. Amevaa shati jeupe na sweta ya kahawia. Suruali ameifunga na tai ya bluu yenye mistari, mnajua hapendi mshipi. Naenda upande wa showground. Tafadhali angalieni."

Phoebe aliusoma, akaubandika juu ili wote wauone, akaendelea na kazi. Alikuwa ameusoma uzi huo tangu ulipoanza. Alimhurumia Janice kwa namna unavyomhurumia mtu uliyemsikia akizungumza upande wa pili wa ukuta.

Adhuhuri, saa ambayo watoto wa nasari hutoka, baraza la Kinoo lililipuka.

"Watu wa Kinoo mko wapi kuna mzee ameshika mtoto mkono hapa gate ya nasari anamvuta."

"Nani anamjua?"

"Hakuna. Anaongea lugha yake huko. Anasema mtoto ni wake."

"Hao ndio wanaiba watoto. Juzi si tuliambiwa."

"Vijana wa boda mko wapi? Msimwache atoroke."

Ujumbe ulifuatwa na ujumbe. Phoebe alianza kufuta yaliyokuwa na matusi, kama kawaida, na kila alipofuta ujumbe mmoja, jumbe tano zilikuwa zimeingia. Kisha ikaja picha. Ilipigwa kwa haraka: mzee aliyeipa kamera mgongo, shati limechomoka na kuchafuka tope, watu wamemshika mabega. Hakuwa na sweta. Lakini kiunoni, mahali pa mshipi, palikuwa na kitambaa cha bluu chenye mistari kilichofungwa fundo.

Phoebe aliifungua picha, akaikuza, akafungua tena uzi wa Jamhuri kwenye dirisha la pili. Tai.

Aliandika upesi kwenye baraza la Kinoo: "Tafadhali msimguse. Huyu ni mgonjwa, anatafutwa na familia yake Jamhuri."

"Msimamizi nani alikuuliza?" mtu alijibu.

"Wezi wana watu wao hadi kwa mtandao."

Alinakili picha ya Mwalimu kutoka uzi wa Jamhuri, ile aliyokaa mbele ya keki ya kuzaliwa kwake, akaibandika. Walimwambia kwamba siku hizi hata picha zinatengenezwa. Aliwapa kiungo cha uzi wenyewe, lakini hakikufunguka. Asiye wa Jamhuri hakuruhusiwa kuingia. Alimwandikia Janice faraghani: "Baba yako yuko Kinoo, piga simu." Ujumbe ulikaa bila kusomwa. Janice alikuwa akikimbia mahali fulani kwenye matope ya uwanja wa showground, simu ikiwa mkobani. Phoebe alipiga kituo cha polisi, akaambiwa gari limetoka, litaelekezwa huko. Hakuna aliyemwambia litafika lini.

Ndipo akaona maandishi aliyoyajua hata kabla ya kusoma jina.

"Mfunzeni adabu kabla polisi hawajafika wakifika watamwachilia tu tumechoka," aliandika Mama Wachira.

Chini yake mtu akaandika: "Kuna tairi hapo kwa fundi wa panchari."

Phoebe aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

Gichuru alikuwa kwenye chumba cha vioo na wageni wawili. Phoebe hakubisha. Alimwonyesha simu, akaeleza kwa sentensi fupi fupi.

"Nataka kushona uzi wa Jamhuri na wa Kinoo. Wakiona ule uzi wote wataamini. Una picha, una majirani waliomjua miaka mingi. Na watu wa Jamhuri wataweza kuwajibu wenyewe. Mimi hawaniamini."

Gichuru aliisoma picha ile kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umeita polisi?"

"Nimeita."

"Phoebe, ule uzi wa Jamhuri una mambo gani mengine ndani?"

Phoebe alijua yaliyomo. Ulikuwa na namba ya nyumba ya Janice. Ulikuwa na siku ambazo Mzee alijichafua kwenye duka la mkate. Ulikuwa na usiku Janice alipowaandikia majirani, kama mtu anayeungama, kwamba siku dada wa kazi asipokuja, akienda kazini humfungia baba yake chumbani kwa kufuli, na kwamba akisikia anagonga mlango yeye huondoka hivyo hivyo.

"Una mambo yake," Phoebe alisema.

"Aliwaambia watu wa Jamhuri. Hakuwaambia watu wa Kinoo." Gichuru alifuta paji la uso. "Ngoja nimpigie wakili. Dakika chache tu. Usifanye kitu."

"Hana dakika chache."

"Nimesema ngoja."

Phoebe alirudi mezani. Kwenye uzi wa Kinoo kulikuwa na ujumbe mpya, wa Kuria, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na nasari, mtu mkimya ambaye kwa kawaida aliandika tu bei ya mabati.

"Nimemvuta ndani ya duka langu nimefunga mlango wa grili. Sijui kama ni mwizi au si mwizi. Wanasukuma. Siwezi kuwazuia sana."

Aliutazama mlango wa chumba cha vioo. Gichuru alikuwa amewapa wageni mgongo, simu sikioni. Phoebe aliuchagua uzi wa Jamhuri, kisha wa Kinoo. Mashine ilimuuliza kama ana hakika, ikamwonya kwamba majina na maandishi ya pande zote mbili yataonekana kwa wote. Alifikiria yule mwanamke na mume wake. Alifikiria kufuli la chumbani Jamhuri. Alibonyeza.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia kuhusu kazi yake ni kwamba kushona nyuzi za mabaraza mawili huacha alama. Juu kabisa ya uzi mpya, kwa herufi nzito, mashine iliandika: "Nyuzi hizi zimeunganishwa na Phoebe Namalwa." Jina lake lote, mbele ya Kinoo nzima na Jamhuri nzima.

Kisha:

"Hawa ni nani?"

"Watu wa Jamhuri wanafanya nini kwa baraza letu?"

Na upande wa pili: "Mungu wangu. Wanampiga Mwalimu."

Wa kwanza kuwajibu Kinoo alikuwa mzee mmoja wa Jamhuri aliyeitwa Jackton, dereva mstaafu. "Ndugu zangu wa Kinoo, nawaomba mzuie mikono. Huyo ni Mwalimu Zadock Ochola. Amenifundishia watoto wote. Anasahau, ndiyo ugonjwa wake. Zamani aliishi huko kwenu, bintiye alisoma nasari hiyohiyo. Anadhani amekuja kumchukua. Pandisheni juu msome. Nampigia binti sasa hivi."

Watu walipandisha juu. Phoebe aliona namba ya wasomaji ikipanda, na alijua wanachosoma: mwaka mzima wa mzee mmoja kutoka nyumbani na kurudishwa, na mtu akiwa amemshika kiwiko katika kila picha. Lakini wenye kusoma walikuwa majumbani na maofisini. Waliokuwa mbele ya grili ya Kuria hawakuwa wanasoma kitu.

"Wamevunja kioo," Kuria aliandika.

"Kuria, muulize anamtafuta nani!" Phoebe aliandika, sasa kwa jina lake mwenyewe.

Kisha: "Anasema Janice. Anasema amechelewa mwalimu atakasirika."

Wakati huohuo, chini ya maneno hayo, ikatokea sauti iliyorekodiwa, iliyotumwa na Janice Ochola. Hakuandika hata neno moja. Phoebe aliifungua. Upepo, pikipiki, pumzi ya mtu anayekimbia, kisha sauti iliyojilazimisha kuwa tulivu, kama ya mtoto anayejua kwamba kuna mtu anamngoja: "Baba, ni Janice. Nimeshatoka shule. Niko sawa. Keti hapo dukani uningoje, nakuja. Usitoke."

Yaliyotokea dukani, Phoebe aliyasikia baadaye kutoka kwa Kuria mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma ya grili, mkono mmoja umelowa damu ya kioo. Mzee alikuwa pembeni, anajaribu kila mara kwenda mlangoni, kwa sababu hakuelewa kwamba watu wale wamemjia yeye. Alifikiri ni wazazi wengine waliokuja kuchukua watoto. Kuria alichomeka simu kwenye spika ya duka, ile anayopigia nyimbo za kuvutia wateja, akaicheza sauti ya Janice kwa nguvu zote. Aliicheza tena. Mwalimu Zadock alisimama, akageuza kichwa akitafuta sauti inatoka wapi. Kisha uso wake ukalegea.

"Ametoka?" akauliza.

"Ametoka, Mwalimu. Anasema uketi."

Mzee aliketi juu ya mfuko wa simiti, akaweka mikono magotini, akangoja. Wale waliokuwa mbele kabisa walimwona akifanya hivyo. Kijana wa boda aliyekuwa ameshika chuma cha grili alikiachilia, akarudi nyuma, akawakuta wenzake bado wanasukuma, akawasukuma na yeye. Kulikuwa na kelele kwa muda, za watu kubishana wao kwa wao. Mama wa yule mtoto, aliyekuwa akilia muda wote, alisema kwa sauti kwamba mwanawe hakuumizwa, alishikwa mkono tu. Polisi walipofika kulikuwa na watu wachache, na wote walikuwa wakisema wamefika sasa hivi.

Mwalimu Zadock alivunjika kifundo cha mkono na kupoteza meno mawili. Alishonwa nyuma ya kichwa. Hakufa.

Jioni Phoebe alikwenda hospitalini. Alimkuta Janice kwenye benchi la ukumbini, viatu vya matope, koti la benki limechafuka damu isiyo yake. Phoebe alijitambulisha. Janice alisimama, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akamwachilia akarudi nyuma hatua moja.

"Ulimwokoa baba yangu," alisema. "Lakini ungeniuliza."

"Nilikuandikia. Hukuwa unasoma. Hakukuwa na wakati."

"Najua hakukuwa na wakati. Unajua nimesoma nini nikiwa kwenye hii benchi? Kuna mwanamke ameniandikia hapo: 'Wewe unamfungia baba yako kama mbuzi alafu unatulaumu sisi.' Virginia Waringa. Simjui. Yeye anajua mpaka namba ya mlango wangu."

Phoebe aliketi kwenye benchi.

"Nashukuru," Janice alisema, na machozi yakaanza. "Nashukuru, na nimekasirika, vyote pamoja. Usiniambie nichague."

Phoebe alipofika kwenye ploti, geti lilikuwa wazi na Mama Wachira alikuwa amesimama katikati ya ua, kanga mabegani, simu mkononi. Wapangaji wengine walikuwa milangoni wakijifanya wanafua.

"Kumbe ni wewe," Mama Wachira alisema. "Umekula kwangu. Nimekuletea uji ukiwa na malaria. Na muda wote ulikuwa unanisoma."

"Ilikuwa kazi, mama."

"Leo umenianika kwa watu wa Jamhuri. Wamepiga picha maneno yangu wanatumiana. Kijana wangu amenipigia kutoka Thika, ananiuliza, mama, ni wewe uliandika hivi? Nitamwambia nini?"

"Si mimi niliyeyaandika," Phoebe alisema. Hakukusudia yatoke kwa ukali ule.

Mama Wachira aliificha simu ndani ya kanga. "Niliandika na hasira. Hata sikuwa huko. Hata huyo mzee sikumwona."

Mama Wachira aliingia ndani, akafunga mlango taratibu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Asubuhi yake Gichuru alimwita Phoebe kwenye chumba cha vioo. Hakupaza sauti. Wakili alikuwa ameshamweleza yanayoweza kuwafika: watu wa Kinoo kudai wameaibishwa, watu wa Jamhuri kudai siri zao zimeuzwa, polisi kutaka maandishi.

"Tenganisha nyuzi," alisema. "Kila upande urudi kwake. Halafu uzi wa Kinoo wa jana ufute wote. Usibaki."

"Nitatenganisha," Phoebe alisema. "Ya Janice yarudi Jamhuri, hayo ni yake na hayakupaswa kutoka. Lakini siwezi kuwafutia wale wa Kinoo."

"Si unafuta matusi kila siku?"

"Nafuta matusi ili watu waendelee kukaa pamoja. Haya nikiyafuta, kesho kila mtu Kinoo atasema hakuandika kitu. Wote watadai walikuwa dukani na Kuria, wakimlinda mzee." Alionyesha simu iliyokuwa mezani. "Mwenye kutaka kufuta lake alifute mwenyewe, kwa mkono wake. Mfumo unaruhusu. Mimi siwafutii."

"Na polisi wakiyataka?"

"Wayapate."

Gichuru aliegemea kiti. Alisema anamheshimu, na kwamba mzee yule pengine yuko hai kwa sababu yake, na kwamba hawezi kuendelea kumwajiri mtu aliyevunja sheria ile moja. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, na Phoebe aliona kwamba kila neno analiamini. Alimwomba afanye kazi ya mwisho kabla ya kuondoka. Phoebe aliketi mbele ya mashine akazitenganisha nyuzi, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mashine ilijua kushona lakini haikujua kufumua. Alirudisha namba ya nyumba. Alirudisha keki. Alirudisha usiku wa kufuli. Ilimchukua siku nzima. Uzi wa Kinoo aliuacha ulivyo, akasimama, akachukua mkoba wake. Kama Gichuru angeufuta baadaye kwa mkono wake, hilo lingekuwa lake. Hakuufuta.

Watu wa Kinoo walianza kufuta wenyewe. Phoebe hakuwa Msimamizi tena, lakini alikuwa mkazi, na aliuona uzi ukipungua wiki hiyo. Yule wa tairi alikuwa wa kwanza. Wengine walifuta na kuandika mahali pake kwamba wanamwombea Mzee apone. Polisi waliwachukua vijana wawili, mmoja akaachiliwa, mwingine kesi yake bado inaahirishwa mpaka leo. Kuria aliweka kioo kipya. Janice alikuja dukani siku moja na baba yake, mkono wa mzee ukiwa kwenye plasta, wakamshukuru Kuria, wakaenda zao bila kumtembelea mtu mwingine.

Phoebe alikaa miezi michache bila kazi, akiandika barua za maombi na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali kwenye saiba, kiduka cha intaneti cha rafiki yake kule Uthiru, mpaka rafiki huyo akamwomba wawe washirika. Hapo ndipo alipo sasa. Hana baraza analosimamia. Kanisani walimwomba awe msimamizi wa grupu la kwaya, akakataa kabla hawajamaliza kuomba. Janice humpigia mara moja moja, hasa siku ambazo baba yake amekuwa mgumu. Walikubaliana kwamba Janice akitaka kusema jambo la siri, anasema kwa simu, na Phoebe haandiki popote.

Alihama Kinoo mwishoni mwa mwaka ili awe karibu na saiba. Tangu siku ile ya uani, yeye na Mama Wachira walikuwa wakisalimiana na kuishia hapo. Asubuhi ya kuhama, pikapu ilipoingia, Mama Wachira alitoka bila kuitwa akashika upande wa pili wa godoro. Walilibeba pamoja hadi getini. Walirudi wakabeba meza. Walipomaliza, Mama Wachira alisimama akipangusa mikono kwenye kanga.

"Namalwa. Ule ujumbe wangu. Ule wa kwanza. Watu bado wanauona?"

"Wanauona, mama. Unaweza kuufuta, ni wako. Unabonyeza tu kwa muda."

"Najua kuubonyeza. Wachira alinionyesha." Alitazama barabara, ambapo dereva wa pikapu alikuwa akifunga kamba. "Kila siku naufungua. Ule wa mbuzi niliomwandikia binti wa yule mzee niliufuta, huo nilikuwa nimekosa adabu. Huu nashindwa. Nikiufuta nitasahau kama niliandika."

Mama Wachira alimpa fungu la majani ya maboga yaliyofungwa kwa uzi wa mgomba, akamwambia ayapike leoleo kabla hayajanyauka, akarudi ndani. Dereva alipiga honi. Phoebe alipanda mbele, majani magotini, wakaingia Waiyaki Way kuelekea Uthiru.